Kikombe cha chokoleti cha mwaka 1768

Sisi tuliokulia Lubumbashi tunajua kwamba picha ya ukutani haiko ya urembo tu. Mgeni anaingia, anaangalia, anauliza, na mwenye nyumba anaanza kusimulia. Ndiyo sababu tunataka kuongea hapa juu ya picha moja ya wazungu wa zamani, iliyoko Versailles, karibu na Paris. Aliyeichora ni Jean-Baptiste Charpentier, mwaka 1768, na inaitwa «La Tasse de chocolat», ni kusema Kikombe cha chokoleti.

Ni jamaa ya duc de Penthièvre, mkubwa wa majeshi ya bahari ya Ufaransa na tajiri kupita kiasi. Watu watano, mavazi ya thamani, wanakunywa chokoleti kwa utulivu kama vile ni siku ya kawaida. Lakini tuangalie vizuri. Mama ya duc, comtesse de Toulouse, alikuwa amekwisha kufa tangu 1766. Mchoraji amemrudisha kati ya wazima. (Hapo wazee wetu wasingeshangaa hata kidogo.) Mwana wa duc, prince de Lamballe, akafa mwaka ule ule wa 1768, akiwa na miaka 20. Bibi yake aliuawa Paris wakati wa mapinduzi, mwaka 1792.

Anayetugusa zaidi ni yule binti wa duc. Alizaa Louis-Philippe, aliyekuwa mfalme wa Wafaransa kuanzia 1830. Louis-Philippe akamwoza binti yake Louise kwa Leopold I wa Ubelgiji, mwaka 1832, na huyo Louise ndiye mama ya Leopold II, aliyejifanya mwenye Kongo nzima kuanzia 1885 mpaka 1908. Basi, msichana wa kwenye picha ni mama ya nkambo wa Leopold.

Na kinywaji chenyewe? Kakao ilitoka Amerika. Sukari ya Wafaransa, kwa sehemu kubwa, ilitoka Saint-Domingue, Haiti ya leo, na kati ya watumwa waliokata miwa kule, wengi sana walikuwa wamenunuliwa kwenye pwani ya Kongo na Loango. Ukoo huu ulizoea utamu wa jasho letu zaidi ya miaka mia moja kabla ya mambo ya kauchu. Charpentier hakuchora hata boyi mmoja. Vikombe vimejaa, aliyevijaza hayuko.

Huku kwetu, katika miaka ya 1970, nyumba nyingi za Katanga zilitundika picha ingine, ile ya «Colonie belge», iliyonunuliwa kwa mchoraji wa mtaani na kuwekwa pale wageni wanapoketi. Mle ndani muzungu anasimama na kiko mdomoni, askari anainua fimbo, mfungwa amelala chini, wanawake wanalia pembeni. Wote wamo.