Pete ya ndoa kwa mtu wa kazi za mikono: mwongozo wa Gitega na Muyinga

GITEGA/MUYINGA – Dereva wa lori, utingo, kuli wa kahawa, fundi mwashi na mchimbaji mdogo wa dhahabu hukutana na tatizo moja wanapofika kwenye ndoa. Pete inayopendeza dukani ndiyo inayoharibika haraka kazini. Na wakati mwingine haiharibiki pete, huharibika kidole.

Barabara ya Gitega kwenda Muyinga kupitia Karuzi, hadi mpaka wa Kobero na Kabanga upande wa Tanzania, inapitisha watu wengi wa aina hiyo. Gitega, makao makuu ya kisiasa ya Burundi tangu 2019, ina viwanda vya kukoboa kahawa na kiwanda cha bia cha Brarudi, yaani magunia na kreti. Muyinga, ambayo katika mgawanyo mpya wa 2025 imeingia mkoa wa Buhumuza, ndiyo njia ya malori ya Dar es Salaam, na jirani yake Butihinda inajulikana kwa dhahabu. Kwa hiyo maswali kuhusu pete ni mengi, na majibu ya mitaani mengi si sahihi.

Kosa la kwanza ni kudhani kuwa pete imara ni ile ngumu kuliko zote.

Dhahabu

Dhahabu safi ni karati 24 na ni laini mno kwa mtu anayeshika kamba na chuma. Inapochanganywa na shaba na fedha inakuwa ngumu zaidi. Karati 18 ina dhahabu asilimia 75 na hugongwa alama 750. Karati 14 ni 585, karati 9 ni 375. Karati 22, alama 916, inapendwa sana kwa pete za Dubai na za Kihindi, lakini mtu wa kazi ngumu ataipinda ndani ya miezi michache. Ushauri wetu ni kutovuka karati 18.

Wengi huogopa kwamba dhahabu italika. Mkemia Georg Steinhauser wa Vienna, Austria, alipima pete yake ya ndoa ya karati 18 kila wiki kwa mwaka mzima na kuchapisha matokeo 2008. Pete ya gramu tano na nusu ilipungua miligramu 6 tu. Wiki zilizopunguza zaidi ni zile alizokaa ufukweni kwenye mchanga na alizofanya kazi bustanini. Tufanye hesabu. Oktoba 2025 wakia moja ya dhahabu, yenye gramu 31.1, ilivuka dola 4,000. Kwa bei hiyo gramu ya karati 18 ni kama dola 96, na miligramu 6 ni chini ya senti 60 kwa mwaka. Fundi mwashi anayechanganya mchanga na saruji kila siku atapoteza zaidi ya mkemia, lakini hata akipoteza mara kumi, bado ni dola 6. Hakuna tairi la lori linalochakaa kwa bei hiyo.

Hasara kubwa ya pete ya dhahabu iko kwingine: kupotea, kuibiwa, na kuuziwa isiyo dhahabu. Pete ya gramu 4 ya karati 18 kwa bei hiyo hiyo ina dhahabu ya dola 386 kabla ya malipo ya sonara. Kwa familia nyingi ni fedha ya mtaji wa duka dogo. Mwenye kipato cha kuli asione aibu kuchagua karati 9 au pete ya chuma.

Dhahabu nyeupe tungewashauri mwiache. Weupe wake mara nyingi ni rangi ya rodi iliyopakwa juu, na msuguano wa kazi huiondoa. Pete ya shaba nyeupe au njano iliyochovywa dhahabu ni mbaya zaidi, kwa kuwa tabaka lake ni jembamba kuliko unywele. Fedha ya 925 ni nafuu lakini hupinda na kuwa nyeusi.

Stenlesi, titani na tungsteni

Stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, hasa ile ya alama 316L, inafaa kazi nyingi na bei yake ni ndogo. Inachubuka na mchanga lakini haipindi kirahisi. Ikipotea, unanunua nyingine bila kuuza mbuzi. Udhaifu wake ni kwamba ni vigumu kupanuliwa, hivyo kidole kikinenepa unabadilisha pete.

Titani ni nyepesi sana, ina uzito wa kama robo ya dhahabu safi kwa ujazo ule ule, na haisumbui ngozi. Lakini kuiunga kunahitaji gesi ya agoni. Sonara mwenye moto wa kawaida hataweza, kwa hiyo uliza kwanza nani ataihudumia kabla ya kuinunua.

Kabidi ya tungsteni ndiyo inayosifiwa kwamba haichubuki, na ni kweli. Hata mchanga hauiachii alama. (Burundi yenyewe huchimba madini ya wolframu yanayotoa tungsteni, ingawa pete zenyewe huja zimekamilika kutoka ng’ambo.) Tatizo ni kwamba haipanuliki, haiungiki, na ikianguka kwenye sakafu ya zege inaweza kupasuka kama kikombe. Na kuna jambo la hospitali.

Siku kidole kinapovimba

Gunia likikuangukia mkononi, kidole huvimba na pete huzuia damu. Pete ya dhahabu au fedha hukatwa kwa kikata pete, msumeno mdogo wa duara unaozungushwa kwa mkono, na sonara huiunga baadaye. Stenlesi na titani hukatika pia, ila kwa muda na mara nyingine kwa mashine. Tungsteni haikatiki kwa kifaa hicho. Hupasuliwa: koleo la kujifunga, lile ambalo mafundi gereji hukazia kwa skrubu ya nyuma, huwekwa juu ya pete, hukazwa kidogo, hufunguliwa, skrubu huongezwa, hukazwa tena, mpaka pete ivunjike. Macho yafunikwe kwa sababu vipande huruka. Mwenye pete ya namna hii amwambie mke au mume na utingo wake, maana mhudumu wa zahanati anaweza asijue.

Kabla ya kukata, jaribu kuinua mkono juu, sabuni na maji baridi. Halafu kuna njia ya uzi: pitisha ncha ya uzi chini ya pete, zungushia uliobaki kwenye kidole kutoka kwenye pete kuelekea kucha, ukibana vizuri, kisha fungua ile ncha ya chini taratibu na pete itasogea mbele. Kidole kikiwa kimevunjika au kimekatika ngozi, usijaribu. Nenda hospitali.

Ajali mbaya zaidi kwa wasafirishaji ni ya kuruka. Mtu anashuka kwenye bodi ya lori, pete inanasa kwenye ndoano ya turubali au pembe ya bodi, na uzito wote wa mwili unaning’inia kwenye kidole kimoja. Ngozi huvuliwa kama soksi, na kidole kinaweza kupotea. Mtangazaji wa televisheni wa Marekani Jimmy Fallon alijeruhiwa hivyo 2015 nyumbani kwake, kwa kujikwaa tu na pete kunasa kwenye meza. Alifanyiwa upasuaji wa saa sita. Kwa ajali hii aina ya madini haisaidii sana. Hata dhahabu laini haifunguki haraka kiasi cha kuokoa kidole.

Fundi wa betri naye ana hatari yake. Pete ikigusa spana iliyo kwenye chanya na wakati huo huo ikagusa chesi, umeme wa betri za lori hupita kwenye pete, ambayo huwa moto mkali kwa sekunde chache na kuunguza kidole pande zote. Madini yote ya pete hupitisha umeme.

Kwa hiyo wakati wa kupakia, kupakua, kufunga turubali na kushika betri, pete ivuliwe. Mfuko wa suruali si mahali pake, hutoka pamoja na leso. Ifungwe kwenye mkufu imara ndani ya shati, au iachwe nyumbani safari ndefu. Wapo wanaoona kuvua pete ni dalili mbaya. Ni vizuri wachumba wakubaliane mapema, kabla ya maneno ya watu.

Zebaki

Mchimbaji anayetumia zebaki asivae dhahabu kabisa kazini. Zebaki huishika dhahabu, ndiyo kazi inayofanya mtoni, na pete hubadilika kuwa nyeupe na kuvunjika kirahisi. Kuichoma ili weupe utoke ni kuvuta sumu, kwa aliyeichoma na waliomo chumbani. Dawa ya kufulia ya klorini nayo hudhuru dhahabu ya karati za chini.

Kupima na kununua

Anayeuziwa “dhahabu ya Butihinda” kando ya njia kwa bei ya chee ajue kwamba biashara ya dhahabu ghafi inahitaji leseni Burundi na Tanzania pia. Upande wa Tanzania kuna masoko rasmi ya madini tangu 2019, likiwemo la Geita.

Sumaku haitoshi, kwa kuwa haivuti dhahabu wala shaba. Mizani ndogo ya gramu na glasi ya maji ni bora. Pima pete ikiwa kavu, kisha ikiwa inaning’inia kwa uzi ndani ya maji. Gawanya uzito wa kavu kwa tofauti ya vipimo viwili. Pete ya gramu 6.20 inayopima 5.80 majini imepungua 0.40, jibu ni 15.5, ambalo ni la karati 18. Ikitoa 8.5, hiyo ni shaba ya njano.

Chagua pete isiyo na jiwe, upana wa milimita 4 hivi, ndani iwe imeviringwa kingo. Kipimo cha kidole kichukuliwe jioni baada ya kazi. Gitega iko mita 1,500 juu ya bahari na asubuhi ni baridi. Kidole kilichopimwa hapo kitabanwa Dar es Salaam.

Kwa wanaoleta pete za kuuza, pete za dhahabu na fedha huorodheshwa forodhani kwenye kifungu 7113, na mapambo ya madini yasiyo ya thamani kwenye 7117. Pete iliyotengenezwa China au Dubai haiwi bidhaa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kuwa imenunuliwa Kariakoo, hivyo cheti rahisi cha asili cha bidhaa zisizozidi dola 2,000 hakiihusu. Pete iliyoko kidoleni ni yako. Kumi mfukoni ni mzigo, na afisa wa Kobero ataomba risiti.