Dobradinha: Utumbo wa Ureno, Maharage ya Amerika

Katika migahawa mingi ya São Paulo, Brazil, kila siku ya wiki ina chakula chake. Jumatano na Jumamosi ni feijoada (maharage yaliyochemshwa na nyama), Ijumaa samaki, na Jumanne mara nyingi ni zamu ya dobradinha: utumbo wa ng'ombe uliopikwa na maharage meupe hadi mchuzi ukawa mzito, unaoliwa kwa wali na pilipili pembeni. Ni chakula cha watu wa kawaida, na kama vyakula vingi vya namna hiyo, kimebebeshwa hadithi ya dhiki. Lakini ukichungulia kilichomo sufuriani, hadithi hiyo inaanza kuyumba.

Inaanzia Porto, mji wa bandari kaskazini mwa Ureno. Mwaka 1415 Mfalme João I alikuwa akijiandaa kuuteka mji wa Ceuta, Afrika Kaskazini, na mwanawe Henrique, mzaliwa wa Porto, alisimamia matayarisho ya merikebu mjini humo. Inasimuliwa kwamba wenyeji walitoa nyama yao yote itiwe chumvi kwa ajili ya mabaharia, wao wakabaki na matumbo. Ceuta ilianguka Agosti mwaka huo, na hadi leo watu wa Porto huitwa tripeiros, wala utumbo, jina wanalojivunia.

Safari hiyo ilikuwepo kweli. Tatizo ni maharage. Asili yake ni Amerika. Yalilimwa Mexico na kwenye milima ya Andes maelfu ya miaka kabla Columbus hajavuka Atlantiki mwaka 1492. Kama watu wa Porto walikula utumbo mwaka 1415, basi hawakuula na maharage haya.

Ng'ombe nao walivuka bahari kwa upande wa pili. Brazil haikuwa na ng'ombe hata mmoja kabla ya Wareno kuwaleta katika karne ya 16, São Vicente na Bahia. Waliongezeka hadi wakawa kero kwenye mashamba ya miwa, na mwaka 1701 mfalme wa Ureno akapiga marufuku ufugaji kwenye ukanda wa kilomita 60 hivi kutoka pwani. Mifugo ikasukumwa bara, kwenye nyika kavu ya sertão. Biashara ya huko ilikuwa ngozi na nyama iliyokaushwa kwa chumvi, mali inayohimili safari ndefu. Matumbo huoza upesi, kwa hiyo mlaji wake alikuwa yule aliye karibu na machinjio.

Wapo wanaodai kwamba vyakula vya aina hii vilibuniwa na watumwa kwa makombo ya mabwana zao. Mwanahistoria Luís da Câmara Cascudo, aliyeandika kwa mapana juu ya chakula cha Brazil, aliipinga dhana hiyo kuhusu feijoada, akionyesha kwamba kuchemsha nyama na maharage chungu kimoja ni upishi wenye mizizi Ulaya. Kwa dobradinha ushahidi uko wazi zaidi, kwani Wareno wenyewe wanaipika. Hata hivyo, utumwa Brazil ulikomeshwa mwaka 1888 tu, na kwa zaidi ya karne tatu kabla ya hapo waliosimama mekoni katika nyumba za matajiri mara nyingi walikuwa wanawake Waafrika. Mchango wao ulikuwa mkono wa mpishi, si makombo.

Nyumbani, kazi huanza na kusafisha. Utumbo husuguliwa kwa chumvi na ndimu, ukachemshwa mara ya kwanza, na maji yale yakamwagwa pamoja na harufu yake. Wengi huchagua sehemu yenye vijumba kama sega la nyuki, kwa sababu hushika mchuzi. Baada ya hapo hukatwa vipande na kuingia kwenye sufuria ya presha. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huchemshwa peke yake. Yakitiwa mapema yatapondeka utumbo ungali mgumu. Hukutanishwa mwishoni, juu ya rosti ya kitunguu, kitunguu saumu, nyanya na bizari nyembamba. Soseji ya calabresa, iliyotokana na wahamiaji wa Kiitaliano, huongeza moshi na pilipili. Asiyekula nguruwe huweka ya ng'ombe. Mezani huwepo unga wa muhogo uliokaangwa, zao la Brazil ambalo Wareno hao hao walilileta Afrika.

Leo majokofu yamebadili hesabu. Brazil ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa nyama ya ng'ombe duniani, na matumbo nayo hugandishwa na kupakiwa kwenye makontena kwenda Hong Kong. Kilichokuwa rahisi kwa sababu hakikuweza kusafiri sasa kina mnunuzi ng'ambo, na mpishi wa São Paulo anayekwenda buchani anashindania utumbo ule ule na mlaji wa Asia.