SIRI YA VIUNGO KUMI NA KIMOJA



Ramadhan iliyopita, siku moja tukifuturu, dadangu mdogo aliisukuma sahani yake. "Huyu kuku si kama yule wa Kentucky," akasema. Mama hakukasirika. Aligeuka akaniangalia mimi. "Wewe si ndiye unayesoma historia huko chuo kikuu? Haya, tafuta siri yao, mimi nitapika." Nilidhani ni mzaha. Lakini niliingia kuitafuta, na niliyoyapata hayakuwa ya jikoni peke yake.

MZEE MWENYEWE NI NANI?

Yule mzee wa ndevu nyeupe kwenye mabango si mchoro wa kubuni. Ni Harland Sanders, aliyezaliwa mwaka 1890 katika jimbo la Indiana, Marekani. Babake alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka mitano hivi. Mama alitoka kwenda kutafuta riziki, na kijana akabaki nyumbani kuwapikia wadogo zake. Shule aliiacha mapema.

Mwaka 1930 alikuwa na kituo cha petroli mjini Corbin, jimbo la Kentucky, akawa anawapikia wasafiri waliosimama hapo. Shida yake ilikuwa wakati. Kuku wa kukaanga kwenye kikaango alichukua kama nusu saa, na msafiri hana subira. Mwaka 1939 akapata sufuria ya presha, akairekebisha ikaange kuku kwa dakika chache. (Tafadhali msijaribu hili na sufuria ya presha ya nyumbani. Mafuta ya moto yakiwa na presha ni hatari kubwa.) Mwaka 1940 akakamilisha mchanganyiko wake wa viungo 11.

Kisha mambo yakageuka. Barabara kuu mpya ikapita mbali na mji wake, wateja wakakatika, na mwaka 1956 akauza hoteli yake. Alikuwa na miaka zaidi ya 65, na pensheni ya dola 105 kwa mwezi. Wengi wetu tungekaa kibarazani kulalamika. Yeye alipakia sufuria na viungo kwenye gari, akazunguka hoteli moja baada ya nyingine. Mapatano yalikuwa haya: nitakufundisha kupika, nitakuletea viungo vikiwa vimeshachanganywa, nawe utanilipa senti 4 kwa kila kuku. Kwa njia hiyo mwenye hoteli alipika kila siku bila kujua ndani ya pakiti mna nini. Mwaka 1964 aliiuza kampuni kwa dola milioni 2. Alifariki mwaka 1980. Kwetu Kenya, duka lao la kwanza lilifunguliwa Nairobi mwaka 2011.

SIRI INAVYOLINDWA

Kampuni inasema viungo hivyo hutayarishwa na makampuni mawili tofauti, kila moja ikichanganya sehemu yake tu, ili pasiwe na mmoja anayejua yote. Mwaka 2008 karatasi ya siri ilipohamishwa kutoka makao makuu yao mjini Louisville, ilibebwa kwenye mkoba uliofungwa kwa pingu mkononi mwa mlinzi, ndani ya gari la kubebea fedha! Bila shaka ilikuwa pia tangazo zuri la biashara. Watu hupenda kula kitu wasichokijua.

Waliojaribu kuivunja siri hiyo ni wengi. Mwaka 1983 mwandishi William Poundstone alichapisha matokeo ya maabara: vilivyoonekana ni unga, chumvi, pilipili manga, na monosodiamu glutameti, ile chumvi ya kunogesha vyakula. Basi. Halafu mwaka 2016 gazeti la Chicago Tribune likachapisha orodha iliyoandikwa kwa mkono, iliyokuwa katika albamu ya picha ya jamaa za mke wa Sanders. Kampuni haikukubali kwamba ndiyo yenyewe. Hii hapa, kwa vikombe 2 vya unga wa ngano, vipimo vikiwa ni vijiko vikubwa:

Chumvi theluthi mbili, thaimu nusu, rehani nusu, oregano theluthi moja, chumvi ya seleri 1, pilipili manga 1, haradali ya unga 1, paprika 4, chumvi ya kitunguu thomu 2, tangawizi ya unga 1, pilipili nyeupe 3.

Nilipomsomea mama, alicheka. "Pilipili manga, tangawizi, thomu... hivyo si viko kabatini mwangu?" Na ni kweli. Hata pilipili nyeupe ni ile ile pilipili manga iliyoondolewa ganda. Wazee wetu waliiita "manga" kwa sababu Manga ni jina lao la Uarabuni, ingawa asili yake ni Malabar, India. Ililetwa na majahazi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kuja Mombasa na Kilwa, aliandaliwa wali wa samli na kitoweo cha kuku, na pembeni achari ya ndimu, pilipili na tangawizi mbichi. Hiyo ni zaidi ya miaka 500 kabla ya Sanders kuzaliwa.

AMBAO HAWAKUANDIKWA

Hata huko Marekani, Sanders hakuwa wa kwanza. Kuku wa kukaanga wa majimbo ya kusini alipikwa sana na mikono ya Waafrika waliokuwa watumwa. Baada ya utumwa kukomeshwa, wanawake weusi wa mji wa Gordonsville, Virginia, walikuwa wakisimama kituoni na sinia kichwani, wakiwauzia abiria kuku kupitia madirisha ya treni. Walisomesha watoto kwa biashara hiyo, wengine wakajenga nyumba. Lakini nani anaujua mchanganyiko wao? Hawakuwa na kasha la chuma wala wakili. Picha iliyobaki mabangoni ni ya mzee mmoja tu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka nyanya yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Bizari yake ya pilau ilijulikana mtaa mzima. Viungo vyake tunavitaja vyote: bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga. Vipimo je? Alipima kwa kiganja, na kiganja kimezikwa. Mama amejaribu mara nyingi, na kila mara husema, "Kuna kitu kimepungua." Kampuni ya Marekani ilificha siri yake lakini iliiandika kwanza. Sisi hatukuficha chochote, tena tumeipoteza.

Mama alimlaza kuku kwenye maziwa ya mala usiku kucha, akamchovya kwenye unga ule, akamkaanga. Hakuonja, manake alikuwa amefunga. Adhana ilipolia tukala. Dadangu alimaliza vipande vitatu, akasema, "Karibu sawa."

Vijana wenzangu, Ramadhan hii nyanya zetu wanapopika, tusingoje kuitwa mezani. Tuingie jikoni na daftari. Kabla hajatia kiganja cha bizari kwenye sufuria, mwombe akimimine kwanza kwenye kijiko, uhesabu, uandike. Atakucheka. Wewe andika tu.

Wabillahi tawfiq.