Nukta

Shuleni nukta hufunga sentensi. Kwa Waswahili wa zamani ilikuwa pia sekunde, na imekwisha kuzaa nuktamkato na nuktambili. Kwenye kioo cha kompyuta ni kile kitone cha mwanga ambacho mafundi hukiita pikseli; nukta inatosha kabisa.

Chukua kompyuta mpakato ya inchi 15.6, ya aina inayochapa barua na wasifu kwenye steshenari za Shanwe, mjini Mpanda. Ikiwa na nukta 1366 kwa 768, kila inchi ina nukta 100 hivi. Ikija mpya ya 3840 kwa 2160, yenye kioo cha ukubwa uleule, inchi hiyohiyo inabeba 282. Kitufe kilichochorwa kwa nukta 16 kilikuwa na upana wa milimita 4. Sasa hakifiki hata milimita moja na nusu. Mteja anasubiri, mchapaji pua karibu iguse kioo.

Dawa ni kukuza. Asilimia 200 haina neno: nukta moja inakuwa nne. Kasheshe ni asilimia 150, maana mstari wa nukta moja unadai moja na nusu, na nusu nukta haipo duniani. Programu kongwe ndizo huumbuka zaidi: Windows huziacha zijichore kwa kipimo cha kale, nukta 96 kwa inchi, kisha huzivuta kama picha. Herufi zinatoka na ukungu, huku kivinjari kilicho pembeni kikisomeka vizuri tu. Wengi hukimbilia kulaumu kioo, nacho ni kizima.