Sauti Moja, Njia Mbili: Historia ya Raki ya Mpiga Besi

Mashabiki wa Rush, ile bendi ya Kanada, waliokwenda kuitazama mwaka 2002 walikuta kioja jukwaani. Nyuma ya Alex Lifeson, mpiga gitaa, spika zilipangwa kama ilivyozoeleka. Nyuma ya Geddy Lee, mpiga besi, hapakuwa na spika hata moja. Zilisimama mashine za kukaushia nguo, na zilikuwa zinazunguka. Miaka michache baadaye, kwenye ziara nyingine, nafasi hiyo ilichukuliwa na majiko ya kuchomea kuku.

Utani huo ulikuwa na sababu ya kiufundi. Lee hakuhitaji tena amplifaya mgongoni. Sauti ya gitaa lake iliingia kwenye masanduku machache ya chuma yaliyofungwa kwenye fremu iitwayo raki, ikatoka moja kwa moja hadi kwenye mikisa ya ukumbi, na yeye mwenyewe akajisikiliza kwa visikilizio vya masikioni. Pengo la jukwaani likabaki la kujazwa kwa chochote kinachochekesha.

Masanduku hayo ni priampu. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya amplifaya yoyote: hupokea umeme dhaifu wa pikapu, kile kinasa mtetemo wa nyuzi kilicho kwenye gitaa, huuinua, huuchonga kwa nobu za besi, kati na trebo, kisha huukabidhi kwa hatua ya nguvu inayosukuma spika. Hapo mwanzo hatua zote mbili zilikaa ndani ya boksi moja, na mpiga besi alilichukua boksi lilivyo.

Leo Fender alipotoa Precision Bass huko California mwaka 1951, ilibidi atengeneze pia chombo cha kuipaza, na Bassman ikafuata mwaka 1952 ikiwa na spika moja ya inchi 15. Shida ilijitokeza mapema. Uzi mnene wa E hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na mtetemo wa polepole namna hiyo hula umeme mwingi kabla haujasikika vizuri. Mpigaji akifungua sauti ili asimezwe na ngoma, valvu zinafika kikomo na kuanza kukwaruza. Wapiga gitaa la kawaida waliupenda mno mkwaruzo huo. Bassman ya mwaka 1959, yenye spika nne za inchi 10, wakaichukua wao, na Jim Marshall wa London akaifuata kwa karibu alipounda JTM45, amplifaya yake ya kwanza. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya besi kikawa baba wa roki, na besi yenyewe ikabaki yatima.

Kampuni ya Ampeg ilimlea yatima huyo kwa njia mbili. B-15 ya mwaka 1960 ilikuwa ndogo na laini, ikawa kipenzi cha studio. SVT ya mwaka 1969 ilikuwa zimwi: wati 300, valvu 14, kichwa peke yake karibu kilo 40, na chini yake makabati ya spika nane nane. Rolling Stones waliitumia kwenye ziara yao ya Marekani mwaka huohuo.

Wakati huo, Detroit ilikuwa inafundisha somo tofauti kabisa. Katika studio ya Motown, James Jamerson alichomeka Precision yake moja kwa moja kwenye meza ya kurekodia, bila spika wala kinasa sauti mbele yake. Besi ikatoka safi, ya mviringo, kila noti ikiwa na mwanzo na mwisho wake. Basi palikuwa na ladha mbili zinazovutana: usafi wa waya mtupu, na ukali wa valvu zilizochemka. Historia yote ya raki ya besi, ukiitazama vizuri, ni ya watu wasiotaka kuchagua kati ya hizo mbili.

Hatua kubwa ilitoka kwa kundi la mafundi wa California waliozunguka bendi ya Grateful Dead. Kampuni yao, Alembic, ilizaliwa mwaka 1969, na fundi wao wa umeme alikuwa Ron Wickersham. Walichukua sakiti ya nobu za Fender Dual Showman, wakaiondolea hatua ya nguvu, wakaiweka kwenye kisanduku chembamba chenye valvu na njia mbili za sauti. Wakakiita F-2B. Upana wake ulikuwa inchi 19, kipimo kilekile cha fremu za vituo vya simu na vya redio, ambacho studio zilikuwa zimekwisha kukirithi. Kwa hiyo kisanduku cha mpiga besi kiliweza kufungwa kwa skrubu zilezile, juu au chini ya amplifaya yoyote ya nguvu aliyoitaka. David Gilmour wa Pink Floyd alikitumia kwa gitaa la kawaida, na hakuna aliyemlalamikia.

F-2B ina tabia moja inayomshangaza kila anayeigusa mara ya kwanza. Nobu zote zikiwa katikati, sauti huwa imechimbwa shimo pale kati, kwa sababu ndivyo sakiti ya Fender ilivyo. Anayetaka sauti iliyolala sawasawa hushusha besi na trebo karibu na chini kabisa, kisha hufungua kati hadi mwisho. Jicho linakataa, sikio linakubali.

Kutenganisha boksi kulifungua mlango wa kutenganisha sauti yenyewe. Rickenbacker walikuwa wamekwisha kutoa magitaa yenye tundu la stereo, pikapu kila moja na njia yake, na Chris Squire wa Yes akautumia mtindo huo kwenye besi yake: upande mmoja safi, mwingine umekwaruzwa. John Entwistle wa The Who alizipa sauti nene amplifaya zake, na sauti kali amplifaya nyingine. Mwaka 1974 Phil Lesh wa Grateful Dead alifika mbali zaidi, akawa na gitaa lililoweza kupeleka kila uzi kwenye spika zake katika ule ukuta mashuhuri wa spika wa bendi hiyo. Huo ulikuwa uchizi mtukufu, na ulikuwa ghali mno kuigwa.

Aliyeufanya mtindo huu uwe wa kazi ya kila siku ni Billy Sheehan wa Buffalo, New York. Alitoboa Precision yake, akafunga karibu na shingo pikapu nene ya Gibson EB-0, na kuipa tundu lake. Pikapu hiyo ilikwenda kwenye priampu safi yenye kompresa ya kusawazisha ukubwa wa sauti, ile nyingine kwenye priampu ya mkwaruzo. Mantiki yake ni rahisi. Ukiikwaruza besi nzima, sehemu ya chini hupoteza uzito na noti hutapakaa. Ukiikwaruza sehemu ya juu tu, sikio hupata ukali kutoka juu na msingi kutoka chini, na huviunganisha kuwa chombo kimoja.

Miaka ya 1980 raki zikafura kama friji. Hapa inafaa kusema kweli: nyingi zilikuwa mapambo. Kufunga priampu mbili si sawa na kuziunganisha. Zikipangwa mfululizo, ya pili hupokea umeme mkubwa kuliko ilioumbiwa, na kama zote mbili ni za ukoo wa Fender, shimo la kati huchimbwa mara mbili hadi besi inapotea kabisa bendi ikianza kupiga. Zikipangwa sambamba, adui mwingine anaingia. Kwa kawaida, kila hatua ya valvu inayoongeza sauti hugeuza wimbi juu chini. Priampu yenye hatua mbili hulirudisha lilivyokuja, yenye tatu huliacha limepinduka. Changanya hizo mbili kwenye mikisa, na pale moja inaposukuma spika mbele nyingine inaivuta nyuma. Mpigaji anaongeza sauti, besi inazidi kukonda. Dawa yake mara nyingi ni swichi moja ya kugeuza wimbi, lakini lazima mtu ajue kuitafuta.

Steve Rabe alijibu fujo hiyo kwa njia yake. Alianzisha SWR mwaka 1984, akaweka priampu ya valvu na nguvu ya transista ndani ya kichwa kimoja, na kwenye kabati la spika akaongeza twita, spika ndogo ya sauti za juu, ili vidole na kucha visikike. Wengi wakaona raki ya masanduku sita haina kazi tena.

Kisha New York ikatoa kitu kidogo zaidi. Mwaka 1989 Andrew Barta wa Tech 21 alitoa SansAmp, kisanduku cha transista kilichoiga amplifaya ya valvu pamoja na spika yake. Toleo la besi lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, na matoleo ya raki yakafuata. Nobu moja ndiyo iliyobeba hekima ya akina Squire na Sheehan: ile ya kuchanganya sauti iliyopikwa na ile mbichi. Geddy Lee alikuwa mmoja wa walioifanya raki hiyo nguzo ya sauti yao, akichanganya njia ya SansAmp na njia safi. Baadaye Tech 21 walimtengenezea GED-2112, sanduku moja la raki lenye njia zote mbili ndani yake, ya ukali na ya kina.

Siku hizi mchanganyiko huo umeshuka hadi miguuni. Darkglass wa Helsinki walijijengea jina katika metali kwa visanduku vya mkwaruzo vyenye nobu hiyohiyo ya kuchanganya. Amplifaya za nguvu zenye wati 500 huingia kwenye begi la mgongoni. Wengine hutumia kompyuta, wakichagua SVT ya kuigiza kwa sauti za juu na waya mtupu kwa sauti za chini.

Hata humo, tatizo la zamani limebadili shati tu. Njia ya kidijitali huchelewa kidogo. Ikichelewa milisekunde 2 nyuma ya njia safi, wimbi la hezi 250 hukutana na pacha wake likiwa limegeuka kabisa, na yote mawili hufutana, palepale kwenye nyama ya sauti ya besi. Ndiyo maana mafundi wa ukumbini wanaopokea kebo mbili kutoka kwa mpiga besi mmoja huanza kwa kumwomba apige noti moja ndefu, wakibonyeza swichi ya kugeuza wimbi na kusikiliza ni upande gani unaonenepa.