Chungu cha Shamba: Chakula cha Wakikuyu na Hukumu ya Mwaka 1931

Katika chuo cha walimu tufundishamo kuna swali lirudilo kila mwaka, na mara nyingi huulizwa wakati wa chakula, si wakati wa somo. Wanafunzi huitazama sahani ya mahindi na maharagwe, wakauliza: Je, mtu aweza kuwa na nguvu kwa mazao ya shamba lake peke yake, pasipo nyama, wala maziwa, wala samaki, wala yai? Wengi wao wamekwisha kujijibu kwamba haiwezekani, na kwamba alaye majani ni maskini aliyekosa kitu bora. Basi leo twapenda kuwaeleza, ninyi mtusikilizao na ninyi msomao, habari za watu waliopimwa miili yao kwa ajili ya swali lililo karibu sana na hilo, na hukumu iliyotolewa juu ya chungu chao.

Watu hao ni Wakikuyu, ambao nchi yao ya asili ni vilima na mito iliyo kusini ya Mlima Kenya, yaani Nyeri, Murang'a na Kiambu. Zamani walifuga ng'ombe, mbuzi na kondoo, lakini mifugo ilikuwa mali ya mahari na ya sadaka kuliko kitoweo cha kila siku. Nyama ililiwa penye karamu na matambiko. Samaki hawakula, wala kuku, wala mayai, wala nyama ya mwituni. Hivyo vyote vilikuwa mwiko kwao. Maziwa hayakumtosha kila mtu. Kwa hiyo mtu wa kawaida, siku nyingi za mwaka, alishiba kwa vitu vilivyoota katika udongo uliolimwa na yeye au na mkewe.

Wala vitu hivyo havikuwa vichache. Nafaka zao zilikuwa mtama, uwele na wimbi. Katika jamii ya kunde walikuwa na njahi, ambayo watu wa pwani huiita fiwi, nyeusi yenye mstari mweupe ubavuni. Tena mbaazi, na kunde zenyewe. Ardhini mlikuwa na viazi vikuu na viazi vitamu, na kando ya mito yaliota majimbi, ambayo Kenya huitwa nduma. Ndizi zilikuwa nyingi. Majani ya mboga yalikuwa mchicha, mnavu, majani ya kunde na ya maboga, hata jani lile liwashalo mkono likiguswa bichi, ambalo Wakikuyu huliita thabai. Likichemshwa huwa laini, halimdhuru mtu. Mahindi nayo yalikuwako kabla ya utawala wa Waingereza, yakiwa yamepanda bara kutoka pwani, lakini yalikuwa zao moja katikati ya mengi.

Mwenye shaka na asikilize majina ya mvua. Masika, Wakikuyu huziita mvua ya njahi. Vuli, huziita mvua ya mwere, yaani ya uwele. Mwaka mzima waligawanya kwa mazao mawili ya shamba. Twaliona jambo hili kuwa ushahidi kupita vitabu vingi, maana watu hawaupi msimu jina la kitu wasichokithamini.

Ushahidi wa pili ulitoka kwa wageni. Misafara ya pwani na ya Wazungu iliyokwenda Uganda ilifika mpaka wa Ukikuyu ikiwa na mamia ya wapagazi wenye njaa, na mbele yao kulikuwa na safari ndefu ya nchi za wafugaji, ambako nafaka ni shida kupatikana. Hapo walinunua chakula. Mwaka 1890 Bwana Lugard, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya Waingereza, alijenga boma Dagoretti, na mojawapo ya sababu ilikuwa chakula hicho. Wamasai pia walikuwa wanunuzi: wanawake wa Kikuyu walichukua nafaka, kunde na vibuyu mpaka kwao, wakarudi na ngozi na kondoo, hata nyakati ambazo wanaume wa pande mbili walikuwa vitani. Nchi iliyolisha jirani na msafiri haikuwa nchi ya watu dhaifu.

Kisha mambo yakaharibika upesi. Tangu 1898 mpaka 1900 ukame, nzige na ndui viliwaua watu wengi mno, hasa upande wa Kiambu, na tauni ya ng'ombe ilikuwa imekwisha kupita. Mashamba yakabaki bila wenyewe. Walowezi walipofika miaka michache baadaye, mengi ya mashamba hayo yalihesabiwa kuwa nchi tupu, yakagawiwa. Ikaja kodi ya nyumba, ikafuata kodi ya kichwa, nayo ilitakiwa fedha, na fedha ilipatikana kwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Huko mfanyakazi alipewa posho, na posho maana yake ilikuwa unga wa mahindi, kwa kawaida kadiri ya ratili mbili kwa siku. Katika vita vya 1914 hata 1918 wapagazi wa jeshi walilishwa unga huo huo, mara nyingi ukiwa haukuiva, wakafa kwa maelfu kwa kuhara damu na maradhi mengine. Jina lao limebaki katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi.

Mahindi meupe yakaenea hata vijijini. Yalizaa upesi, yalipata soko, na ndege hawakuyala kama walavyo uwele na mtama. Watoto waliokuwa wakiwafukuza ndege walikuwa wamekwenda shule. (Sisi walimu, basi, tuna sehemu yetu katika habari hii.) Wanunuzi wa nje walitaka maharagwe ya aina zao, nayo yakatwaa mahali pa njahi. Shamba lililokuwa na mazao kumi likawa na mawili au matatu, na lilikuwa dogo kuliko la babu.

Hapo ndipo walipokuja wapimaji. Bwana John Boyd Orr alikuwa mtaalamu wa lishe kutoka Aberdeen, Scotland. Chuo chake kilianza kwa kuchunguza lishe ya wanyama, na kilichomleta Kenya kwanza kilikuwa upungufu wa madini katika malisho ya ng'ombe. Kutoka kwa ng'ombe alihamia kwa watu. Yeye na Dakitari Gilks, mkuu wa idara ya uganga ya Kenya, waliwapima maelfu ya Wakikuyu na Wamasai katika miaka ya mwisho ya 1920, na taarifa yao ikapigwa chapa London mwaka 1931. Walisema kwamba mwanamume wa Kimasai, alaye maziwa, nyama na damu, amzidi mwanamume wa Kikuyu inchi 5 kwa urefu na ratili 23 kwa uzito, na kwamba mkono wake una nguvu zaidi. Kwa Wakikuyu waliona mifupa iliyopinda, meno mabovu, upungufu wa damu, maradhi ya mapafu, na vidonda vya miguu. Wamasai nao walikuwa na maradhi yao, ya viungo na ya kufunga choo, lakini hayo msomaji aliyasahau upesi. Neno lililoenea lilikuwa kwamba mla nafaka ni dhaifu na mla nyama ni shujaa.

Hata hivyo ndani ya taarifa ile ile kulikuwa na jambo ambalo lilipasa kuwazuia watu wasikimbilie hukumu. Tofauti iliyoonekana kati ya wanaume wa makabila hayo mawili haikuwa kubwa hivyo kati ya wanawake. Kwa nini? Mwanamke wa Kikuyu hakula nyama kumpita mumewe. Alikula majani. Wapimaji wenyewe waliandika kwamba wanawake walikula mboga za majani, zenye chokaa nyingi ijengayo mifupa, na wanaume walizidharau. Basi mla mazao ya shamba mwenye kula majani alikuwa na afya, na mla mazao ya shamba asiyekula majani alipungukiwa. Sisi twaona kwamba hili lilijibu swali la wanafunzi wetu tangu mwaka ule, lakini wachache walilisoma hivyo.

Mwaka 1997 mwanahistoria Cynthia Brantley aliifungua tena taarifa hiyo na kuichambua. Alionyesha kwamba chakula kilichoandikwa kuwa cha Kikuyu kilipunguza sana wingi wa mazao yao, na kwamba chakula cha Wamasai kilielezwa kana kwamba wote, wazee, wanawake na watoto, walikula kama morani. Zaidi ya hayo, watu waliopimwa walikuwa wamekwisha kupoteza ardhi na kuzoea posho. Hatumlaumu Bwana Orr kwa kusifu maziwa. Aliyajaribu kwa watoto wa shule wa Scotland, akaona wamekua. Lakini alipima chungu kilichokwisha kuvunjika.

Sasa tuseme kwa nini chungu kizima kilitosha. Nafaka ina upungufu fulani katika sehemu ijengayo nyama ya mwili, na jamii ya kunde ina upungufu mwingine. Zikiliwa pamoja kila moja huijaliza nyenzake. Wazee hawakuwa na mizani wala dawa za kupimia, lakini walichanganya nafaka na njahi, na njahi na ndizi. Wimbi pia si chakula cha kudharauliwa: gramu 100 za wimbi zina kadiri ya miligramu 340 za kalsiamu, na mahindi makavu hayafiki 30. Mtu aliyeacha uji wa wimbi kwa ajili ya ugali mweupe, tena akaacha mchicha, aliitoa mifupa yake chakula chake, hata kama tumbo lilijaa.

Lakini yatupasa kusema kweli yote. Kuna kitu kimoja ambacho shamba halitoi, nacho ni vitamini iitwayo B12. Hutengenezwa na bakteria, nayo hutufikia ndani ya nyama, maziwa, samaki na mayai. Aikosaye miaka mingi hupungukiwa damu, mikono na miguu huingia ganzi, na mishipa ya fahamu huharibika. Wataalamu hawakuitenga mpaka mwaka 1948. Wale Waingereza wachache walioanzisha mwaka 1944 chama cha watu wasiokula kitu cho chote cha mnyama walianza kabla haijajulikana. Mkikuyu wa zamani alikuwa na nyama ya karamu na maziwa kidogo, kwa hiyo hakuwa mla mimea mtupu. Mtu wa leo atakaye kuacha vyote hana budi kuipata kwa vidonge, au kwa chakula kilichotiwa vitamini hiyo kiwandani. Shamba litampa karibu mengine yote, mradi liwe shamba la mazao mengi.

Katika Kenya mboga za kienyeji zimerudi sokoni, hata katika maduka makubwa ya Nairobi, na mwaka 2021 UNESCO iliiandika kazi ya kuhifadhi vyakula vya asili vya Kenya kuwa mfano mwema. Njahi haikupotea hata ilipofukuzwa shambani. Wanawake waliendelea kuipanda kidogo kidogo, kwa sababu desturi yataka mama aliyejifungua apikiwe njahi, na hapakuwa na afisa wa kilimo aliyeweza kuwashawishi kwamba maharagwe ya soko yanafaa mahali pake. Mbegu ilikaa katika vibuyu vyao. Ukienda leo soko la Murang'a utaikuta, nyeusi, na mstari wake mweupe ubavuni, nayo huuzwa ghali kuliko maharagwe.