Kung fu ya kuchekesha: siri ya mvuto wake

Katika eneo la Anderlecht, mjini Brussels, imesimama sanamu ya Jean-Claude Van Damme, mcheza filamu mzaliwa wa mji huo. Ilizinduliwa mwaka 2012.

Van Damme alijulikana kwa filamu ya Bloodsport ya mwaka 1988, inayohusu mashindano ya mapigano huko Hong Kong. Lakini kufikia wakati huo Hong Kong ilikuwa na shujaa wa aina nyingine.

Baada ya kifo cha Bruce Lee mwaka 1973, Jackie Chan alijaribu kumwiga, asifanikiwe. Alipata jina mwaka 1978 kwa filamu ya Drunken Master, akiigiza kijana mtundu anayepigwa na kuaibishwa kabla hajajifunza.

Hapo ndipo ilipo siri. Shujaa wa Lee hashindiki. Wa Chan huogopa, hukimbia, na hujitetea kwa kiti au ngazi. Mtazamaji mnyonge humwona mwenzake.

Kicheko hicho kilikuwa na gharama. Mwaka 1986, akitengeneza Armour of God nchini Yugoslavia, Chan alianguka na kupasuka fuvu.

Afrika Mashariki nayo ilitia chumvi yake. Katika vibanda vya video, wasimulizi kama Lufufu wa Tanzania waliwazungumzisha mashujaa hao Kiswahili. Mwaka 2010 mtaa wa Wakaliga, Kampala, ulitoa filamu yake wenyewe ya mapigano na vichekesho, Who Killed Captain Alex?

Van Damme mwenyewe, katika filamu ya JCVD ya mwaka 2008, alirejea Brussels akiigiza nyota aliyechoka. Naye, hatimaye, alikuwa amekubali kuchekwa.